Binti yangu huogopa harufu ya tairi linaloungua. Mimi ndiye niliyepita kwenye moto. Nilimrithisha?

MamaNeema_Nakuru

Hamjambo nyote. Naandika kutoka Kaptembwo, Nakuru. Mnivumilie kwa urefu, maana jambo hili nimelibeba peke yangu muda mrefu.

Mwezi wa kwanza 2008, wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi, nilikuwa na mimba ya miezi sita. Tuliishi upande wa Molo, mume wangu akiwa na kinyozi chake na mimi nikiuza nguo za watoto za mitumba. Usiku tuliotoka nilibeba blanketi moja na kadi ya kliniki, basi. Barabarani walikuwa wamewasha matairi, na hapakuwa na njia ila kupita ubavuni mwa moto. Nilijifunika pua kwa leso. Leso ile ilinuka mpira wiki nyingi. Niliifua, nikaianika juu ya hema, ikazidi kunuka. Tulikaa uwanja wa maonyesho ya kilimo hapa Nakuru pamoja na maelfu ya wengine, na humo hemani ndimo Neema alimozaliwa mwezi wa nne, mikononi mwa mama mmoja wa safu yetu aliyekuwa mkunga kijijini kwao.

Neema sasa ana miaka 17, yuko kidato cha tatu. Ni mpole, anapenda hesabu kuliko somo lolote. Alipokuwa na miaka minne, vijana wa vyuma kuukuu walichoma tairi nyuma ya ploti yetu ili watoe waya. Mimi nilikuwa nje nafua. Ninachokumbuka ni mtoto akiwa chini ya kitanda, amejikojolea, meno yanagongana. Alikuwa hajawahi kuona tairi likiungua. Wala hakuna aliyemsimulia, kwa sababu nyumbani mwetu habari za 2008 hazitajwi. Tangu siku hiyo, popote akisikia harufu ile mwili wote hutetemeka. Mwaka jana shuleni walichoma takataka zilizokuwa na kipande cha mpira ndani, akaanguka katikati ya mtihani wa hesabu. Somo analolipenda.

Juzi kwenye matanga, wifi yangu alisema mbele ya watu kwamba watoto wa kambi wana vita kwenye damu. Nilinyamaza. Usiku nikaanza kutafuta kwenye simu, nikakuta habari ya panya wa Marekani waliofundishwa kuogopa harufu fulani, kisha watoto wao na wajukuu wao wakaiogopa harufu hiyo hiyo bila kuwahi kuinusa. Nilikaa na ile simu hadi saa nane za usiku.

Nauliza wenye elimu. Ni kweli? Na Neema naye atawapa watoto wake? Tena kuna mtu hapa mjini ananiambia kipo kipimo cha DNA kinachoonyesha kiwewe cha kurithi. Zamu yangu ya chama ni mwisho wa mwezi. Nizitoe hizo pesa?

MtuWaBungoma

Pole sana mama. Habari ya panya ni ya kweli. Ilifanyika Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, ikatangazwa 2013. Na si panya tu. Kwa Rwanda walichunguzwa wanawake 25 waliokuwa wajawazito wakati wa mauaji ya 1994, pamoja na watoto wao, wakalinganishwa na wanawake 25 waliokuwa wajawazito wakati huo huo lakini hawakuyapitia. Waliopitia, mama na mtoto, walikutwa na alama zaidi za kikemikali kwenye jeni inayohusika na homoni za msongo. Damu hukumbuka. Jambo likishaandikwa kwenye jeni binadamu hana la kufanya, mwombee binti tu.

MtunzaPanya (Kisumu)

Mama Neema, pole kwa njia uliyopita. Ndugu wa Bungoma ametaja kazi za kweli, ila hitimisho lake silikubali, na sitaki ulale nalo hata usiku mmoja.

Mimi si daktari. Kwa miaka 19 nimetunza panya wa maabara katika chuo kimoja huku magharibi. Nawalisha, nawabadilishia maranda vizimbani, naandika daftarini nani kazaa lini na vitoto vingapi. Watafiti wakimaliza na makala zao huwa nazibeba nyumbani nizisome na kamusi kando. Nitakueleza nilichosoma na nilichoona.

Tuanze na Neema. Watu wanasema amerithi. Hakurithi. Alikuwepo. Usiku ule mlipita kwenye moto mkiwa wawili, na hofu yako ilimfikia kwa njia ya homoni ndani ya mwili wako. Tena mimba ikifika miezi sita, mtoto wa kike tayari ana mayai yake yote ndani ya ovari, kwa hiyo hata lile yai ambalo siku moja litakuwa mjukuu wako lilipita pale. Vizazi vitatu nyuma ya leso moja. Ndiyo maana wanasayansi, kabla ya kusema jambo la mama mjamzito limerithiwa kweli, hudai lionekane hadi kwa kitukuu: yeye ndiye wa kwanza ambaye moto haukumgusa kwa namna yoyote. Neema ni manusura wa 2008 kama wewe. Wifi yako akisema tena damu ya vita, mjibu hivyo.

Sasa panya wa Atlanta. Brian Dias na Kerry Ressler waliwanusisha panya wadogo wa kiume asetofenoni, kemikali yenye harufu tamu inayokaribia lozi, na kila harufu ilipokuja panya alipigwa shoti ndogo ya umeme miguuni. Baadaye watoto wao, na watoto wa watoto wao, walishtuka kwa harufu hiyo kuliko kwa harufu nyingine. Sehemu ya ubongo inayoipokea ilikuwa kubwa kuliko kawaida. Na kwenye mbegu za wale baba, jeni ya kipokezi cha harufu ile, iitwayo Olfr151, ilikuwa na alama pungufu za methili. Walifika hadi kurutubisha mayai nje ya mwili, ili isisemwe kwamba baba aliwafundisha watoto.

Alama ya methili ni kitu kidogo mno, kaboni moja na haidrojeni tatu, inayobandikwa juu ya herufi ya DNA iitwayo sitosini. Herufi zenyewe hazibadiliki. Anayelijua soko la Kibuye hapa Kisumu atanielewa haraka: Jumapili vibanda vimefunguliwa hadi barabarani, Jumatatu vingi vimefungwa, lakini hakuna kilichobomolewa. Jeni zako ni vile vibanda. Alama husaidia kuamua kipi kifunguliwe, wapi, na kwa kiasi gani. Hiyo ndiyo epijenetiki. Kwa hiyo maneno ya kwamba jambo limeandikwa na halifutiki yanachanganya kibanda na kufuli.

Kazi ya Atlanta naiheshimu, ila ina maswali. Mwaka 2014 Gregory Francis aliandika kwamba matokeo yake yalilingana vizuri kupita kiasi, kwa sababu majaribio mengi hivyo yenye wanyama wachache hivyo yangetarajiwa kukosa mara kadhaa. Zaidi ya hapo, alama nyingi za methili hufutwa muda mfupi baada ya yai kurutubishwa, na hufutwa tena wakati chembe zitakazokuwa mbegu na mayai zinapojiandaa. Alama inayotaka kumfikia mjukuu ina mito miwili iliyofurika ya kuvuka. Halafu kuna jambo ambalo simu yako haikukuonyesha. Mwaka 2019 Dias na wenzake walichapisha kwamba panya baba akifundishwa upya, akanusishwa harufu ile mara nyingi bila shoti mpaka hofu ikashuka, ile tofauti kwenye mbegu zake nayo ilirudi nyuma, na watoto waliozaliwa baada ya hapo hawakuwa na ule mshtuko. Hao hao panya waliokuliza, mama.

Lakini kwa swali lako ningekupeleka kwa panya wengine kabisa. Mwaka 2014 Jacek Debiec na Regina Sullivan, hapo hapo Marekani, walieleza habari ya majike wakubwa waliofundishwa kuogopa harufu ya mnanaa kabla hata ya kushika mimba. Walipozaa, mnanaa uliletwa mama akiwa na vitoto vyake. Vitoto havikupigwa shoti. Vilimwona tu mama, au tuseme vilimnusa, maana siku za kwanza macho yao hayajafunguka. Mama aliyeogopa hutoa harufu yake mwenyewe ya hofu. Vitoto viliunganisha harufu mbili hizo, na tangu hapo vikauogopa mnanaa. Watafiti wakapuliza mnanaa pamoja na hewa iliyotoka kwa mama mwenye hofu, mama mwenyewe hayupo chumbani, vitoto vikajifunza vile vile. Walipozuia kazi ya amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulikia hofu, havikujifunza.

Hapo hakuna mbegu wala yai. Kuna mama na mtoto na harufu, na somo la siku moja linalokaa muda mrefu. Nakuomba ufikirie hilo bila kujilaumu: kwa panya mchanga, kumsoma mama ni njia ya kubaki hai.

Kuna kazi moja ninayoipenda kuliko zote kwa sababu naiona kizimbani kila wiki. Mama panya huwalamba watoto wake. Huwageuza, huwalamba tumbo na mgongo, kisha huinua mgongo wake kama daraja wanyonye chini yake. Lakini si wote sawa. Ninaye jike sasa hivi asiyetulia mpaka kila kitoto kimelambwa, na jirani yake hupita juu ya wake kama anaharakisha kwenda sokoni. Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, Michael Meaney na Moshe Szyf na wenzao, akiwemo Ian Weaver aliyetangulia kwenye orodha ya waandishi, walionyesha mwaka 2004 kwamba vitoto vilivyolambwa kidogo hukua na alama nyingi zaidi za methili kwenye jeni ya kipokezi cha homoni ya msongo, ndani ya hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu. Kipokezi hicho ndicho breki. Homoni yenyewe kwa panya ni kotikosteroni, kwetu sisi ni kotisoli. Hofu ikiisha, breki inatakiwa kuishusha homoni. Breki zikiwa chache, mwili unabaki mbioni wakati hatari imeshapita.

Nao walifanya jambo la maana sana: wakabadilishana watoto mara tu baada ya kuzaliwa. Kitoto cha mama asiyelamba kikalelewa na mama anayelamba. Alama zikafuata mlezi, hazikumfuata mzazi. Kisha wakachukua panya ambao tayari ni watu wazima, wakawapa ubongoni dawa ya trikostatini A, alama zile zikapungua na mwili ukaanza kujituliza kama wa wale waliolambwa. Dawa hiyo si ya watu, usimtafutie. Nimeitaja ili ujue kufuli linafunguka hata kwa aliyekwisha kukua.

Na kuna ya Alabama, 2009, Tania Roth na David Sweatt. Hii niliisoma nikaifunga, nikakaa. Walimweka mama panya mlezi, si yule aliyevizaa vitoto, mahali pageni, hana maranda ya kutosha kutengeneza kiota, nusu saa kwa siku, wiki ya kwanza ya vitoto. Alivikanyaga, akaviburuta, akavisukuma. Vitoto vilikuwa na alama nyingi zaidi kwenye jeni ya BDNF, inayosaidia chembe za ubongo kukua na kuungana, na majike walipokua nao waliwatendea vibaya watoto wao. Sitakuficha: hata wale watoto walipolelewa na mama mwingine, si kila alama iliyorudi. Lakini soma tena mwanzo wa habari. Yule mama hakuwa mbaya. Alinyimwa matandiko, akawekwa mahali asipopajua. Wewe ulilala chini, ndani ya hema, na blanketi moja, ukamlea mtoto anayependa hesabu.

Uzito wa haya yote una mipaka yake. Panya ni panya. Mwaka huo wa 2014 watafiti wa McGill waligundua kwamba hata harufu ya mwanamume anayeingia chumbani, au ya shati alilolivaa usiku, inatosha kuwapandisha panya msongo na kubadilisha matokeo. Tangu niisome, mimi na mwenzangu mwanamke huandika daftarini nani aliingia zamu gani. Na kwenye maabara ya Hagit Cohen kule Israeli, panya wakiwekwa dakika 10 kwenye mchanga aliojisaidia paka, wiki moja baadaye ni kama robo tu wanaobaki na hofu kali. Wengi hutulia wenyewe. Yaliyowapata ni yale yale.

Sasa nina swali kwako, na usinijibu ikiwa litakuumiza. Siku ile ya vijana wa vyuma kuukuu, umesema ulikuwa unafua, na kisha mtoto alikuwa chini ya kitanda. Kati ya hayo mawili kulitokea nini? Wewe ulifanya nini ulipoisikia harufu?

Nesi_Kondele

Mama Neema, kuhusu pesa za chama: usitoe hata shilingi. Hakuna kipimo cha hospitali kinachoweza kumwambia mtoto mmoja kwamba ana kiwewe cha kurithi. Utafiti wa Rwanda ulitumia damu, na damu si ubongo. Chembe za damu zina alama zake na chembe za hipokampasi zina zake, na hatuwezi kumfungua mtu aliye hai kichwa tukaangalie. Ndiyo sababu panya wametumika. Utafiti wa Goma, kule Kongo, uliangalia wanawake 25 na watoto wao waliotoka tu kuzaliwa. Ule wa New York wa manusura wa mauaji ya Wayahudi ulikuwa na wazazi 32 na watoto 22. Kazi kama hizo hulinganisha kundi na kundi. Hazina la kumsomea Neema. Anayekuuzia hicho kipimo anakuuzia huzuni yako mwenyewe.

Nimekaa na watoto wengi hapa baada ya vurugu za uchaguzi wa 2017. Kuna mmoja aliyekuwa akiziba masikio mtu akipiga mlango. Alipona, na haikuwa kwa kuambiwa ajikaze.

Tafadhali wasije wakamchomea tairi ili azoee. Nimeona wazazi wakifanya mambo ya namna hiyo kwa upendo kabisa, na mtoto akarudi nyuma miezi. Mpeleke kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya kaunti, uombe mshauri aliyefunzwa mambo ya kiwewe. Wataanza mbali. Pengine ni kulitaja tu neno tairi huku akipumua taratibu. Pengine wiki ya tatu ni kushika kandambili ya mpira iliyo baridi. Anasonga yeye, kwa mwendo wake. Ndicho alichofanyiwa yule panya baba wa 2019, isipokuwa Neema ataulizwa kwanza na ataweza kusema ngoja.

Jambo jingine walilotufundisha panya ni kwamba hofu iliyoshushwa chumba kimoja inaweza kurudi chumba kingine. Kumbukumbu mpya hukaa juu ya ile ya zamani bila kuifuta. Kwa hiyo akitulia kliniki msishangae akitetemeka shuleni. Mwambie mshauri mapema, mazoezi yafanyike nyumbani na shuleni pia, na mwalimu wa darasa ajue.

Na wewe, dada, nani amekuhudumia? Umeandika habari za Neema zote. Za kwako ni leso tu.

MwalimuMstaafu_Njoro

Mwanangu Mama Neema, nimesoma nikiwa nimeketi nje, nikaingia ndani kutafuta miwani nisome tena.

Mwaka 1992 nilikuwa nikifundisha upande wa Molo. Nyumba yetu ilichomwa, tukalala msituni siku mbili na wavulana wangu wawili, mmoja wa miaka saba na mwingine wa mitano. Walilala juu ya koti langu. Koti moja, baba mmoja, msitu mmoja. Mkubwa leo ana shamba kule kule, anasema hakumbuki kitu. Mdogo yuko Nakuru mjini, na kila mwaka wa uchaguzi ukifika hulala na viatu miguuni. Nilimlaumu miaka mingi kwamba ni mwoga. Huyu bwana anayetunza panya amenieleza leo habari ya ile robo ya panya, na nimempigia kijana wangu simu kumwomba radhi. Alinyamaza kidogo, akaniuliza kama nimekunywa dawa yangu ya presha.

Lakini nina neno kwa wenye sayansi. Panya akishatolewa shoti, shoti haiji tena. Huku kwetu ilikuja 1992, ikaja baada ya uchaguzi wa 1997, ikaja 2008 tukiwa ndio kwanza tumepaua upya. Mtamfundishaje mtu kwamba harufu haina hatari, na miaka mitano ikipita hatari ni ile ile? Sitaki mtoto atulizwe ili avumilie. Nataka na huko nje kuwe salama. Mpeleke kliniki, mwanangu, ila usiache mtu akuambie kwamba ugonjwa ni wa Neema peke yake.

MtunzaPanya (Kisumu)

Mwalimu, umesema kweli, na hata vizimbani inaonekana. Panya anayepigwa shoti kwa nyakati asizoweza kuzitabiri huumia kuliko anayejua ni lini. Hofu ya mwanao mwaka wa uchaguzi ina hesabu ndani yake. Si uwoga.

MamaNeema_Nakuru

Nimechelewa kurudi. Swali la Mtunza Panya lilinikalia siku tatu.

Nilikuwa na hakika kwamba Neema ndiye aliyekimbia. Jana nilimuuliza mume wangu, maana siku ile alikuwa mlangoni akirekebisha baiskeli. Akaniangalia kwa muda. Akasema, hukumbuki? Wewe ndiye uliyepiga nduru. Ulitupa karai, maji yakammwagikia mtoto, ukambeba kwa mkono mmoja, ukaingia naye chini ya kitanda, ukamziba mdomo asilie. Mlikaa humo mpaka nikawafukuza wale vijana. Yale maji, anasema, si mkojo. Yalikuwa maji ya kufulia.

Miaka kumi na mitatu nimesema mtoto alijikojolea. Yeye mwenyewe hivyo ndivyo ajuavyo, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia.

Jumapili baada ya kanisa nilimketisha, nikamsimulia tangu Molo. Blanketi, moto, hema, yule mkunga. Kisha nikamweleza karai. Sikulia kama nilivyodhani. Yeye ndiye aliyelia, halafu akasema, kumbe sikujikojolea. Jambo hilo ndilo lililokuwa limemchoma miaka yote, na mimi sikujua.

Akaniuliza leso iko wapi. Iko kwenye gunia la nguo juu ya kabati, sikuwahi kuitupa wala kuigusa. Nilisitasita kwa sababu ya maneno ya Nesi, nikamwambia tungoje mshauri. Akasema yeye ataanza kwa kuiangalia tu kutoka mlangoni. Tukaitoa. Baada ya muda akasogea, akainusa upindoni. Akasema, mama, hii inanuka gunia. Mimi nilikuwa bado naisikia ile harufu ya mpira, nawaapia. Nikaileta puani. Inanuka gunia.

Kliniki tumepewa Alhamisi ya wiki ijayo, saa tatu asubuhi, sote wawili. Pesa za chama nitanunulia miwani yake na nauli. Mzee Mwalimu, asante, na mwanao mpe salamu. Ndugu wa Bungoma, maombi pia nayapokea.

Mtunza Panya, Neema amesoma ukurasa huu wote na ana swali lake. Anauliza: wale vitoto waliohamishiwa kwa mama mwingine, mama aliyewazaa aliwatafuta?

MtunzaPanya (Kisumu)

Mwambie Neema nimeisoma mara mbili kabla ya kujibu.

Nikitoa vitoto kizimbani, mama huzunguka pembe zote. Hufukua maranda pale kiota kilipokuwa, husimama kwa miguu ya nyuma, huweka pua kwenye nyavu. Vitoto navyo hulia kwa sauti nyembamba ambayo sikio la mtu haliwezi kuisikia kabisa. Mimi naona vinywa vinafunguka tu, chumba kimya. Yeye huisikia. Ukivirudisha, hata ukiviweka upande wa mbali, hubeba kimoja kimoja kwa meno mpaka vyote viko kiotani.

Ndiyo. Huwatafuta.